Mateke yana sababu: Jinsi ya kumfunza mtoto usalama karibu na farasi na punda

WAHENGA walinena kuwa asante ya punda ni mateke. Methali hiyo ilikusudiwa binadamu asiyejua kushukuru, wala haikuwa somo la mifugo. Hata hivyo, mtoto anayekua akiisikia huenda akaamini kwamba punda, pamoja na nduguye farasi, hupiga mateke kwa sababu ya ubaya wa moyo, na kwamba hakuna awezaye kujua teke litatoka lini.

Imani hiyo ina madhara yake. Mtoto anayedhani kwamba teke halina sababu hawezi kujifunza kuliepuka. Atakimbia ovyo amwonapo mnyama, au atamchapa kabla hajapigwa. Mambo hayo mawili, kukimbia ovyo na kuchapa, ndiyo hasa yanayomtia mnyama woga, na woga ndio mzazi wa mateke.

Ukweli ni kwamba farasi na punda hupiga teke, huuma na hukurupuka kwa sababu zinazojulikana: hofu, maumivu, kugombania chakula, au kumlinda mtoto wao. Anayezijua sababu hizo anaweza kujiweka mahali pa salama. Ndiyo maana somo la usalama halianzi na orodha ya makatazo, bali huanza na kumsaidia mtoto kuelewa jinsi mnyama huyu anavyouona ulimwengu.

Somo hili lina umuhimu kwa familia nyingi humu nchini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu punda wapatao milioni 1.1 nchini Kenya, idadi iliyopungua kutoka milioni 1.8 waliohesabiwa mwaka 2009. Katika kaunti kama vile Kajiado, Narok na Turkana, watoto huandamana na punda kwenda kuteka maji. Katika mashamba ya mpunga ya Mwea na vijiji vya Limuru, punda huvuta mikokoteni. Mjini Lamu ndiye mchukuzi mkuu wa mizigo.

Farasi ni wachache zaidi, lakini watoto hukutana nao katika mazizi ya Karen, Lang'ata, Naivasha na Nanyuki, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi, na pia ufuoni na katika viwanja vya burudani ambako wageni hukodishiwa wanyama wa kupanda.

Mnyama aliyeumbwa kukimbia

Farasi wa mbio mwenye afya huwa na uzani wa kilo 450 hadi 500, na anaweza kukimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Mtoto wa miaka minane hafikii hata sehemu ya kumi ya uzani huo. Licha ya ukubwa wake, farasi ni mnyama wa kuwindwa. Mababu zake waliishi kwenye nyika wazi, wakawakimbia wanyama wala nyama, na walionusurika ni wale waliokimbia kwanza na kuuliza baadaye.

Silika hiyo haikupotea farasi alipofugwa. Mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, mwavuli unaofunguliwa ghafla, mlio wa pikipiki au kelele za watoto wanaocheza mpira vinaweza kumfanya akurupuke kana kwamba amemwona simba. Akikosa pa kukimbilia, kwa mfano akiwa amefungwa kamba au amebanwa ndani ya zizi, silaha iliyobaki ni kwato na meno.

Punda ana silika tofauti kidogo. Anapoogopa, mara nyingi husimama tuli badala ya kutimua mbio, na watu humwita mkaidi. Kwa kweli huwa anaipima hatari iliyo mbele yake. Aidha, punda huficha maumivu na hofu kuliko farasi, kwa hivyo ishara zake ni hafifu na teke lake linaweza kuonekana kama limetoka bila onyo. Mtoto aliyezoea farasi hapaswi kudhani kuwa anamjua punda, wala aliyezoea punda asidhani kuwa anamjua farasi.

Macho, masikio na mkia

Macho ya farasi yako kwenye pande za kichwa. Mpangilio huo humwezesha kuona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa sehemu mbili: nyuma yake kabisa, na sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso na chini ya pua. Mtoto anayesimama nyuma ya mkia haonekani. Vivyo hivyo, mkono unaonyooshwa ghafla kuelekea usoni hupotea machoni pa farasi kabla ya kumgusa, naye hushtuka.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba farasi huweza kusinzia akiwa amesimama, kwa sababu viungo vya miguu yake vina uwezo wa kujifunga ili visikunjike. Farasi aliyetulia kivulini huenda hakumsikia mtoto akija. Kumgusa bila kumsemesha ni sawa na kumwamsha mtu usingizini kwa kumpiga kofi.

Masikio ndiyo kitabu cha kwanza ambacho mtoto anapaswa kujifunza kukisoma. Masikio yaliyoelekezwa mbele huonyesha kwamba mnyama ana hamu ya kujua kilichopo. Yanapolegea kando, huenda amepumzika au anasinzia. Sikio moja likigeuka nyuma, anasikiliza kitu kilicho upande huo. Lakini masikio yote mawili yakilazwa nyuma na kushikamana na shingo, hilo ni onyo, na mtoto anapaswa kurudi nyuma polepole bila kupiga kelele.

Ishara nyingine ni mkia unaochapwa huku na huku wakati hakuna nzi, weupe wa jicho unaojitokeza, kichwa kilichoinuliwa juu huku misuli ikikaza, na mguu wa nyuma unaoinuliwa na kutishia. Mzazi anaweza kuligeuza somo hili kuwa mchezo. Wakiwa mbali, nyuma ya ua, amwulize mtoto: "Masikio yake yanasema nini?" Mtoto aliyejibu swali hilo mara 20 akiwa nje ya ua atalikumbuka siku atakapokuwa ndani.

Simama, sema, subiri

Kanuni ya kwanza kabisa ni kwamba mtoto hamkaribii farasi au punda bila idhini ya mwenyewe au ya saisi, yaani mtunzaji wa farasi. Kanuni hii ni muhimu hata kwa mnyama ambaye mtoto anamjua kwa jina. Saisi ndiye anayejua kama mnyama ana kidonda, amelala vibaya usiku, au ana mtoto mchanga.

Baada ya kuruhusiwa, mtoto afuate hatua tatu. Kwanza, asimame mbali kidogo, mahali ambapo mnyama anamwona. Pili, aseme kwa sauti ya kawaida, kwa kumtaja mnyama jina au kumsalimu. Tatu, asubiri hadi mnyama ageuze sikio au kichwa kumwelekea. Hapo ndipo anapoweza kusogea akitembea polepole, akielekea kwenye bega, si usoni moja kwa moja wala nyuma.

Mahali pa kwanza pa kugusa ni shingoni au begani, kwa kiganja, kwa kupapasa kuelekea manyoya yanakolala. Kumpigapiga makofi, kumshika masikio na kumvuta mkia ni mambo ya kukatazwa. Kumkumbatia shingoni pia kusiruhusiwe, kwani mnyama akiinua kichwa ghafla anaweza kumvunja mtoto pua au meno.

Watu wazima waliozoea farasi hupita nyuma yake wakiwa wamemkaribia sana, huku mkono ukiwa juu ya mgongo wa nyuma, ili mnyama ajue walipo na teke likitoka lisipate nafasi ya kukusanya nguvu. Mtoto asifundishwe njia hiyo. Yeye apewe kanuni moja isiyo na ubaguzi: kupita mbele ya mnyama akionekana, au kuzunguka nyuma kwa umbali wa mita 3 au zaidi. Vilevile asipite chini ya tumbo la mnyama wala chini ya shingo yake.

Mtoto anapokuwa karibu na miguu ya mnyama asiketi chini wala kupiga magoti. Akitaka kutazama kwato, achuchumae, ili aweze kuruka kando haraka.

Kulisha kwa mkono

Watoto wengi hutamani kumlisha farasi, na ni hapa vidole huumia. Farasi haoni kilicho chini ya pua yake. Hutegemea midomo na vinyweleo vyake kutambua chakula, na kidole cha mtoto kinaweza kufanana sana na karoti. Kwa sababu hiyo chakula huwekwa juu ya kiganja kilichonyooshwa kabisa, vidole vikiwa vimeshikamana na kidole gumba kikiwa kimebanwa kando.

Hata hivyo, katika mazizi mengi ni afadhali mtoto asilishe kwa mkono kabisa. Mnyama aliyezoea kupewa vitamu mkononi huanza kumtafutia kila mtu mifukoni, na asipopata huuma. Chakula kinaweza kuwekwa kwenye ndoo na mtu mzima. Isitoshe, kuna vyakula vinavyomdhuru mnyama, ukiwemo mkate mwingi na nyasi mbichi zilizokatwa zikachacha, kwa hivyo mtoto asimpe chochote bila kumwuliza saisi.

Mtoto asiingie na chakula kwenye uwanja wenye farasi au punda wengi. Wanyama hao wana ngazi zao za ukubwa, na mkubwa humfukuza mdogo kwa meno na mateke. Teke lililokusudiwa mwenzake ndilo humpata mtoto aliyesimama katikati.

Kamba isiyozungushwa mkononi

Mtoto anayefundishwa kumwongoza mnyama hutembea kando ya bega lake, si mbele kabisa wala nyuma. Hushika kamba kwa mikono miwili, mmoja karibu na kidevu cha mnyama na mwingine ukishika sehemu iliyobaki ikiwa imekunjwa kama nane.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuizungusha kamba mkononi, kiunoni au shingoni. Mnyama wa kilo 200 akikurupuka, kamba hukaza na kumburuta mtoto asiweze kujinasua. Watoto wanaochunga punda huwa na mazoea ya kujifunga kamba kiunoni ili wapate nafasi ya kucheza. Mazoea hayo yanaweza kuua, na mzazi anapaswa kuyakataza kwa lugha iliyo wazi. Mtoto aambiwe pia kwamba mnyama akitoroka, kazi yake ni kuiachilia kamba. Punda anaweza kutafutwa akapatikana.

Mnyama hufungwa kwenye nguzo imara kwa fundo linalofunguka likivutwa mara moja. Asifungwe kwenye mlango, kwenye ubao wa ua au kwenye mkokoteni mtupu, kwa maana akishtuka ataking'oa alichofungiwa na kukimbia nacho.

Ndani ya zizi

Zizi lina hatari nyingine zisizotokana na mnyama. Uma wa kuchotea samadi ulioachwa sakafuni, misumari ya kwato, dawa za mifugo na za kuua kupe, ndoo za maji na marundo ya nyasi kavu yanayoweza kuporomoka vyote vinahitaji macho ya mtu mzima. Nyasi kavu hushika moto haraka, kwa hivyo viberiti, sigara na mishumaa visikaribie mahali hapo. Mlango wa kutokea usizibwe na mizigo.

Mtoto asiingie peke yake katika chumba cha farasi. Akiingia pamoja na mtu mzima, asimame upande wa mlango, ili mnyama asiwe kati yake na njia ya kutokea. Mahali pabaya zaidi ni pembeni, katikati ya mnyama na ukuta. Farasi anayeegemea ukuta bila nia mbaya anaweza kumvunja mtoto mbavu.

Farasi jike mwenye mtoto mchanga hutazamwa kutoka nje ya ua. Hata jike mpole kupindukia hubadilika anapohisi mtoto wake yumo hatarini. Madume yasiyohasiwa nayo hayafai kushughulikiwa na watoto.

Kukimbia, kupiga kelele, kurusha mpira na kuwaleta mbwa wageni kupigwe marufuku karibu na zizi. Katika miaka hii ya simu za kamera, kuna jambo la kuongezwa: mtoto asiwekwe nyuma ya mnyama, chini yake au mgongoni bila mtu kumshika ili apigwe picha tu.

Mavazi na kofia

Mtoto anayekwenda zizini avae viatu vilivyofunika vidole, na ndara ziachwe nyumbani. Kwato ikikanyaga mguu ulio wazi, mifupa midogo ya vidole huvunjika kwa urahisi. Nywele ndefu zifungwe, na mitandio na kamba za shingoni zinazoning'inia ziondolewe.

Kwa anayepanda, viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usipenye na kunasa kwenye kikuku. Sehemu ya mbele tu ya wayo ndiyo hukaa juu ya kikuku. Mtoto akianguka huku mguu umenasa, farasi atakimbia akimburuta.

Kofia ngumu ya wapanda farasi ni lazima, nayo ifungwe kidevuni. Kofia ya baiskeli au ya bodaboda haikuundwa kwa kazi hiyo. Mzazi anayenunua anaweza kutafuta alama ya viwango kama vile ASTM F1163 au PAS 015 ndani ya kofia. Inapaswa kukaa sawasawa kichwani bila kucheza, na iliyopata kishindo kikubwa hubadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana.

Hata hivyo, kofia hukinga kichwa tu, wala haikingi mwili mzima. Mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve, aliyejulikana kwa filamu za Superman, alikuwa amevaa kofia alipoanguka mashindanoni katika jimbo la Virginia mwezi Mei 1995. Aliumia shingo na akapooza hadi alipofariki mwaka 2004. Funzo kwa mzazi ni kwamba kofia haichukui nafasi ya mwalimu mzuri, mnyama mtulivu na mwendo unaolingana na uwezo wa mtoto.

Kabla ya kumkodishia mtoto farasi ufuoni au bustanini, mzazi atazame mambo machache. Je, kuna kofia ya kumtosha? Je, tandiko limekazwa? Je, mnyama ana vidonda mgongoni, amekonda, au amesimama juani tangu asubuhi bila maji? Mnyama mwenye maumivu ni mnyama wa kurusha teke. Je, anayemwongoza atamshika kamba muda wote akitembea? Jibu la swali lolote likitia shaka, ni afadhali mtoto alie kidogo kuliko kupandishwa.

Punda wa maji na mkokoteni

Kwa mtoto wa kijijini, punda ni mwenzake wa kazi. Hapa usalama huanza kwa mzigo. Mitungi ipangwe kwa uzani sawa pande zote mbili, na mtoto asipande juu ya punda aliyekwisha kubebeshwa. Kidonda chini ya kamba ya mzigo humfanya punda apige teke kila anapofungwa. Tiba yake ni kumpumzisha na kuweka kitambaa laini chini ya mzigo. Fimbo haiponyi kidonda.

Kuhusu fimbo, sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha mzigo kupita kiasi. Lakini zaidi ya sheria, mtoto aelezwe sababu. Punda ana kumbukumbu nzuri. Aliyechapwa leo humwogopa kila anayemjia kesho na mkono ulioinuliwa, akiwemo mtoto mdogo aliyetaka tu kumpapasa.

Mkokoteni una hatari zake. Mtoto asitembee kati ya mkokoteni na ukuta au mtaro, asining'inie nyuma, wala asikae mbele karibu na miguu ya nyuma ya punda. Mteremkoni, mkokoteni usio na breki humsukuma punda, naye hulazimika kukimbia. Kwenye barabara ya magari, mkokoteni uongozwe na mtu mzima.

Lamu ina funzo lake. Katika mji huo wa kale, uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba mno na punda hupita na mizigo ya mawe, mchanga na saruji. Anayesikia punda akija husogea kando na kujibanza kwenye baraza au mlangoni hadi apite na mzigo wake. Hatimui mbio mbele yake, wala hanyooshi mkono kumgusa punda mwenye mzigo. Kisiwa hicho kina hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza.

Maradhi na usafi

Lugha yetu imeuita pepopunda ugonjwa unaokaza taya na misuli, na neno punda limo ndani ya jina hilo. Vijidudu vyake huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, farasi na punda wakiwemo, na huingia mwilini kupitia kidonda. Humu nchini, chanjo inayokinga dhidi yake hutolewa kwa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi ambaye mtoto wake hukaa karibu na zizi aikague kadi ya kliniki, na mtoto akijikata au kuchomwa na msumari, apelekwe kwenye kituo cha afya ili mhudumu aamue kama anahitaji chanjo nyingine.

Kichaa cha mbwa nacho huwapata punda na farasi walioumwa na mbwa mgonjwa. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi au anayeshindwa kumeza asikaribiwe. Mtu yeyote, mkubwa au mdogo, asimtie mkono kinywani akidhani amekwama mfupa. Afisa wa mifugo aitwe.

Baada ya kumshika mnyama au kusafisha zizi, mikono ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kula. Desturi hiyo humkinga mtoto dhidi ya maradhi ya kuhara na ya ngozi.

Ajali ikitokea

Jambo la kwanza ni kumwondoa mnyama, au kumwondoa mtoto kwenye hatari, bila mwokoaji kujeruhiwa. Mtoto aliyeanguka na analalamikia shingo au mgongo asiinuliwe wala kofia isivutwe, isipokuwa kama kupumua kumezuiwa. Anyamazishwe asitikisike huku msaada ukitafutwa kwa nambari 999 au 112.

Aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anayetapika, anayesinzia isivyo kawaida au anayeongea maneno yasiyoeleweka apelekwe hospitalini mara moja. Teke la tumbo halipaswi kudharauliwa. Ini au bandama linaweza kuvuja damu ndani huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu, na mtoto akasema hajambo. Achunguzwe na daktari siku hiyo hiyo.

Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi. Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini. Mtoto asifichwe wala kuchapwa kwa kuumia. Anayeogopa adhabu ataficha teke la tumbo, na kuchelewa huko ndiko kunakoweza kumgharimu uhai.

Wajibu ni wa mtu mzima

Kanuni hizi zote zina mpaka. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kuzikariri nyumbani na kuzisahau zote pindi amwonapo farasi. Hana hatia, kwani umri wake ndivyo ulivyo. Anayemhitaji ni mtu mzima aliyemshika mkono, na mtu huyo asiwe ndiye anayemshika farasi pia. Mnyama awe na mtu wake, na mtoto awe na wake.

Mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa kwa vitendo, jambo moja kwa siku moja. Aanze kwa kutazama, kisha kumkaribia mnyama, kisha kumpiga brashi, kisha kumwongoza, na kupanda kuwe mwisho. Mzazi naye azifuate kanuni anazozitoa, kwani mtoto akimwona baba akipita nyuma ya mkia, maneno yote ya jana yatakuwa yamefutika.

Kwa aliyejifunza hivyo, methali ya wahenga itabaki kuwa onyo kwa binadamu wasio na shukrani. Punda na farasi atawajua kwa namna nyingine: wanyama wenye nguvu na woga mwingi, wanaotangaza hofu yao kwa masikio, macho na mkia kabla ya kuitangaza kwa kwato.